Mama, mkunga, wazazi wenzako au simu: nani wa kumkimbilia ukiwa mzazi mpya?

Mtoto akishazaliwa, washauri hawakosekani. Mama ana lake, mama mkwe ana lake, jirani aliyelea watano ana lake, nesi wa kliniki kasema vingine, na simu iliyo kiganjani ina majibu mia kwa kila swali. Kinachowatesa wazazi wapya ni kupanga foleni: nani asikilizwe kwanza, na kwa jambo lipi. Hapa nimewaweka wawiliwawili, maana ndivyo unavyokutana nao. Huyu anasema mfunike mtoto, yule anasema mfunue, nawe umesimama katikati na usingizi wa saa mbili.

Nimewapima wote kwa mambo yaleyale. Je, anamwona mtoto kwa macho yake au anasimuliwa? Anapatikana saa nane za usiku? Anachokijua ni cha leo au cha enzi zake? Na akiondoka, anakuacha umepumzika au umechoka kuliko alivyokukuta? Hili la mwisho watu hawalijali sana, lakini mimi naliweka mbele, kwa sababu mzazi ambaye hajalala hata ushauri mzuri unampita sikioni.

Mama yako na mkunga

Huu ndio mvutano mkongwe kuliko yote, na ndio unaovunja amani katika nyumba nyingi zenye kichanga.

Mama yako, au mama mkwe, ana kitu ambacho hakuna kliniki inayoweza kukupa: anakaa. Anamwona mtoto akinyonya, akicheua, akilia jioni nzima, akilala mchana kutwa na kukesha usiku. Yeye mwenyewe ameshapita humo, kwa hiyo kilio hakimtishi. Na kilio kina mwendo wake unaojulikana: huanza kuongezeka mtoto akiwa na wiki mbili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Nesi anaweza kukueleza hayo kwa dakika moja. Mama yako atakaa nawe jioni zote hizo, ambembeleze mtoto wewe ukaoge.

Udhaifu wake ni tarehe. Aliyojifunza yalikuwa sahihi kwa kiwango cha siku zile, na mengine yamebadilika. Mfano mzuri ni ulalaji. Hadi miaka ya 1980 wazazi katika nchi nyingi waliambiwa na wataalamu wenyewe wamlaze mtoto kifudifudi, eti akicheua asipaliwe. Utafiti ukaja kuonyesha kwamba ulalaji huo unaongeza vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo bibi anayemgeuza mjukuu kifudifudi hafanyi ukaidi. Huenda aliambiwa hivyo na daktari. Ukimwendea kwa njia hiyo, kwamba wataalamu ndio waliobadili kauli, atakuelewa upesi kuliko ukimwambia amekosea.

Kuna mawili mengine yanayogombanisha watu: maji na asali. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza mtoto apate maziwa ya mama peke yake, na hata maji hayahitajiki, joto liwe kali namna gani. Asali isubiri mpaka atimize miezi 12, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwa kichanga, ambaye utumbo wake bado haujaweza kuvizuia.

Sasa mkunga na nesi. Nguvu yao ni kwamba wamefundishwa kutofautisha cha kawaida na cha hatari, na wana wajibu juu ya wanachokuambia. Udhaifu wao ni muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha waonwe tena si chini ya mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na ndani ya wiki ya sita. Hebu itazame ratiba hiyo kwa makini. Kuanzia mwisho wa wiki ya pili hadi wiki ya sita hakuna miadi, na ndicho kipindi kilekile ambacho kilio kinapanda, chakula cha majirani kimekoma kuja, na aliyechukua likizo amerudi kazini. Mtu anayemtegemea mkunga peke yake atajikuta ameachwa pale hasa mlima unapokuwa mkali.

Hata hivyo kuna mambo ambayo mama yako, mimi, na kundi zima la wazazi hatuna kura. Kichanga asiyenyonya vizuri au aliyeacha kabisa. Degedege. Kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kubonyea ndani kila anapovuta pumzi. Joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, au mwili wa baridi chini ya nyuzi 35.5. Mtoto aliyelegea asiyejitikisa. Manjano inayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo kuwa za manjano siku yoyote ile. Kwa mama mwenyewe: damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kukosa pumzi. Lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na anayesema "subiri kidogo tuone" asisikilizwe, hata awe nani.

Hukumu yangu: ugonjwa na hatari ni vya mkunga, siku na usiku wa kawaida ni vya mama. Wakigongana, usijifanye mjumbe wa kubeba maneno kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nenda na mama yako kliniki, aulize mwenyewe, ajibiwe mwenyewe. Ushauri wa nesi ukipitia mdomoni mwako unakuwa ubishi wa mtoto kwa mzazi wake. Akiusikia kwa nesi, unakuwa elimu.

Ndugu na msaidizi wa kulipwa

Hapa tunazungumzia mikono, siyo ushauri. Na kuna swali moja linalowatenganisha wasaidizi wote: akija, anambeba mtoto wewe ufue, au anafua wewe umbebe mtoto? Aliyejifungua juzi anamhitaji wa pili. Wageni wengi, kwa nia njema kabisa, ni wa kwanza.

Ndugu anakuja na upendo, na maoni yake humo humo ndani ya mkoba. Huwezi kumwambia shangazi aondoke saa kumi. Msaidizi wa kulipwa unaweza kumpangia kazi na muda, na akiondoka hakuachii deni la fadhila. Lakini atahitaji kufundishwa, kusimamiwa, na mapumziko yake mwenyewe, na katika wiki za mwanzo kumfundisha mtu mpya ni kazi inayoweza kukuchosha kuliko kufua. Ukiamua kumtafuta, aanze wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na umpe kazi za nyumba kwanza. Mtoto aje baadaye, mkishazoeana.

Kuna nchi zimeunganisha hayo mawili. Uholanzi ina utaratibu ambapo mhudumu aliyefunzwa uzazi huja nyumbani kwa siku kadhaa baada ya mama kujifungua, akipima joto la mtoto, akisaidia kunyonyesha, na wakati huohuo akishika na kazi ndogondogo za nyumba. Ninapolinganisha njia zote, hiyo ndiyo naiona bora, maana mikono na elimu vimekaa kwa mtu mmoja. Wengi wetu hatuna huduma hiyo. Kinachoweza kuigwa ni wazo lake: mhudumu wa afya wa mtaani, kama yupo, mwombe apite nyumbani badala ya wewe kubeba kichanga kwenda kupanga mstari.

Wazazi wenzako na intaneti

Vitu hivi viwili watu huvichanganya kwa sababu siku hizi vyote vinapatikana kwenye simu. Havifanani.

Wazazi wenzako ni watu ambao watoto wao wamezaliwa mwezi mmoja au miwili kabla ya wako. Hawana elimu ya mkunga wala uzoefu wa bibi, ila wana kumbukumbu mbichi. Mama aliyepata vidonda vya chuchu mwezi uliopita anakumbuka bado alivyomweka mtoto titini na alichobadilisha. Shirika la La Leche League lilianzishwa kwa msingi huo mwaka 1956, katika jimbo la Illinois, Marekani. Akina mama saba waliona kwamba wanaotaka kunyonyesha hawana wa kuwaelekeza, basi wakaanza kuelekezana wenyewe. Kunyonyesha ni jambo la kuangaliwa. Maumivu mengi ya chuchu yanatokana na namna mtoto alivyoshika titi, na hilo haliwezi kuonwa na mtu aliye kwenye maandishi.

Nguvu ya vikundi ina ushahidi mzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio saba yaliyofanyika Bangladesh, India, Malawi na Nepal. Wanawake walikutana kijijini kwao wakiwa na mwongozaji, wakataja matatizo ya uzazi yaliyowakabili, wakatafuta njia za kuyatatua. Pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, vifo vya vichanga vilipungua kwa karibu theluthi moja. Ona lakini kilichokuwa kinafanyika: watu walikutana ana kwa ana, mara kwa mara, wakazungumzia shida zao wenyewe. Kundi la simu lenye wanachama 200 ambalo nusu yao wanauza nepi ni kitu kingine kabisa, japokuwa nalo linaitwa kundi la wazazi.

Sisemi kundi la simu halifai. Saa nane za usiku, unaponyonyesha gizani ukidhani ni wewe peke yako duniani uliye macho, ujumbe wa "hata wangu hajalala" una thamani yake. Ila lichague. Kipimo changu ni kimoja: mtu akiandika "mtoto wangu ana wiki tatu, ana homa", kundi linajibu nini? Kama majibu yote ni "nenda hospitali sasa hivi", kaa hapo. Kama wanaanza kutajiana majina ya dawa na vipimo vya vijiko, toka bila kuaga. Na tazama pia unavyojisikia ukishalifunga. Makundi mengine yamekuwa uwanja wa kushindana mtoto wa nani kaketi mapema, na mashindano hayo hayamsaidii mtoto yeyote kuketi.

Intaneti na programu za simu ni jambo lingine. Hakuna mtu huko, kuna maandishi. Uzuri wake ni kwamba hayachoki na hayakusemi. Ubaya wake ni kwamba hayamwoni mtoto, na hayajui kama unauliza kwa udadisi au kwa hofu. Ukiandika "mtoto anatapika", utaletewa kila kitu kuanzia kucheua kwa kawaida hadi magonjwa yasiyopata mtoto mmoja kati ya maelfu, vyote kwa uzito uleule. Ndiyo maana napendekeza intaneti itumike mchana, si usiku. Swali la usiku lililojibiwa na intaneti huzaa maswali matano.

Jambo jingine la kuangalia ni nani analipia ukurasa unaousoma. Mwaka 1981 Baraza la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa ya kopo, baada ya malalamiko mengi juu ya namna makampuni yalivyokuwa yakiwafikia akina mama, ikiwemo kwa sura ya ushauri wa afya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaeleza jinsi utangazaji huo ulivyohamia kwenye simu: programu, vilabu vya wazazi wapya, na vikundi vya ushauri ambavyo nyuma yake kuna muuzaji. Sina ugomvi na mzazi anayetumia maziwa ya kopo, wapo wanaoyahitaji. Ila ushauri wa kunyonyesha usiutafute kwa mtu anayefaidika usiponyonyesha.

Kuna kazi moja ambayo programu inaifanya vizuri: kuhesabu. Katika siku za mwanzo, nesi atataka kujua mtoto ananyonya mara ngapi na analowanisha nepi ngapi. Kuanzia kama siku ya tano, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku ni dalili nzuri kwamba maziwa yanamfikia. Uchovu hufuta kumbukumbu, kwa hiyo andika. Daftari na kalamu pia vinatosha, na havikutumii matangazo.

Rafiki na mshauri wa afya ya akili

Hapa ndipo kosa la kuchagua linapogharimu zaidi, na ndipo watu huchagua kwa aibu badala ya kuchagua kwa hali.

Siku chache baada ya kujifungua, wanawake wengi hupata kipindi cha kulia ovyo, kukasirika upesi na kuhisi wamezidiwa. Hiyo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Kwa hali hii rafiki anatosha, tena rafiki anazidi mtaalamu, maana kinachohitajika ni mtu wa kusikiliza bila kutoa hotuba. Rafiki mzuri kwa kazi hii ni yule anayekuuliza wewe u hali gani kabla hajauliza mtoto ana kilo ngapi.

Wiki mbili zikipita na giza liko palepale, rafiki abaki lakini asiwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake kama asilimia 13 waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20. Hapa rafiki ana mpaka: anakupenda, kwa hiyo ataharakisha kukuambia kwamba utakuwa sawa. Mhudumu wa afya ana kipimo. Kinachotumika sana ni dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, maswali 10 kuhusu ulivyojisikia siku 7 zilizopita, linalojazwa kwa dakika chache. Unaweza kuliomba kliniki kwa jina. Na iwapo yatakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hilo halingoji miadi: mwambie mtu aliye karibu, mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Wanaosikia maneno hayo kazini kwao wameyasikia mara nyingi, na hawatakushangaa.

Wengi husita wakidhani tiba ni lazima daktari bingwa, ambaye yuko mbali na ni ghali. Utafiti uliofanyika karibu na Rawalpindi, Pakistani, na kuchapishwa mwaka 2008 unaonyesha vingine. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, waliwatembelea nyumbani akina mama wenye sonona na kuzungumza nao kwa mpangilio maalumu. Watoto walipofika miezi 6, asilimia 23 ya waliotembelewa kwa njia hiyo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya waliotembelewa kwa kawaida. Kwa hiyo kati ya rafiki na bingwa kuna mtu wa katikati, naye mara nyingi ndiye anayefikika.

Baba naye yumo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2010 ulikuta kama baba mmoja kati ya kumi ana sonona katika kipindi cha ujauzito na mwaka wa kwanza, na zaidi mtoto anapokuwa na miezi mitatu hadi sita. Kwake yeye orodha yote niliyoipanga hapo juu ni fupi mno: kliniki hazimuulizi, vikundi vingi si vyake, na mama yake amekuja kumsaidia mkewe. Kinachobaki ni mwanamume mwingine aliyepata mtoto hivi karibuni. Amtafute kwa makusudi, maana hatajileta.

Ukilazimika kuchagua

Kama nafasi ni ya wawili tu, ningechukua mtu mmoja wa mikono na mtaalamu mmoja wa kupigiwa simu: yeyote anayeweza kulala kwako au kuja kila siku kwa wiki sita, na mkunga au nesi mmoja anayekujua kwa jina na kukubali kupigiwa. Wote wawili watafutwe kabla ya kujifungua, wakati bado unaweza kufikiri. Muulize mkunga wazi: baada ya saa za kazi nimpigie nani?

Aliye mbali na ndugu aanze na kundi la ana kwa ana. Kliniki ya wajawazito ni mahali pazuri pa kuwapata wenzake, kwa kuwa watoto watakuwa wa umri mmoja. Mzazi anayelea peke yake aweke mikono mbele ya kila kitu, hata kabla ya ushauri. Wenye mapacha au njiti wahitaji zamu: njiti anayebebwa kifuani ngozi kwa ngozi anapaswa kukaa hapo saa nyingi kila siku, na hakuna mzazi mmoja anayeliweza hilo bila baba, bibi au dada kumpokea.

Na ukizidiwa na sauti, wa kwanza kunyamazisha ni kundi la simu. Litakuwepo wiki ijayo, na ujumbe 340 ambao hukuusoma hautakuwa umekupotezea kitu.